Kimya cha Basho Mbele ya Visiwa

Wasifuji wa visiwa ni wengi, na aghalabu husifu hata kisiwa chenyewe kisionekane. Ndiyo maana kitabu kidogo cha Matsuo Basho, Oku no Hosomichi, kilichochapishwa mwaka 1702, miaka minane baada ya kufa kwake, chatufaa sisi wa pwani: kinajua kujizuia.

Mwaka 1689 Basho alitoka Edo, ndiyo Tokyo ya leo, pamoja na mwanafunzi wake Sora, wakazunguka kaskazini ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, kwa kiasi cha miezi mitano. Walifika Matsushima, ghuba yenye visiwa zaidi ya mia mbili vilivyoota misonobari. Basho akaisifu kwa nathari; shairi akaliweka la Sora. Husemwa kwamba uzuri ulimziba kinywa. Sikubali. Shairi la Matsushima alilitunga, ila kitabuni hakulitia. Kile kimya ni kazi ya fundi.

Kimya hicho kina bei yake. Daftari la Sora, lililochapishwa mwaka 1943, linaonyesha kwamba Basho alibadili tarehe, na kwamba ule usiku wa Ichiburi, walipolala nyumba moja na makahaba, Sora hakuuandika kabisa. Anayetaka kujua mvua ilinyesha siku gani na amwendee Sora.

Lakini tazama Kisakata, pwani ya magharibi. Basho aliiona ni maji yaliyotulia, yenye visiwa vingi, akaifananisha na Matsushima iliyojaa huzuni. Mwaka 1804 tetemeko liliinua ardhi, bahari ikaondoka. Leo vile visiwa ni vilima katikati ya mashamba ya mpunga. Hapo mtunzi asiyeaminika kwa tarehe ndiye anayetuonyesha yale maji.

Mfasiri hufarijika kwamba haiku ina mizani 5, 7 na 5, na Mjapani huhesabu karibu kama sisi: n yake husimama peke yake kama m ya "mtu". Vina hana. Anayevitia kwa mazoea hupiga ngoma penye kimya. Kigumu zaidi ni lile ua la nebu katika shairi la Kisakata, lililoloa mvua. Mti huo ni wa jamii ya mkenge wetu. Lakini ukiandika hivyo, msomaji wa pwani atadhani ameingizwa mkenge.