Ahadi ya Tarakimu Moja

Maktaba ya kufikia hifadhidata hupimwa kwa mengi: kasi, wepesi wa kujifunza, uzuri wa majina. Mimi humpima fundi wake kwanza kwa tarakimu moja. PEP 249, waraka wa mwaka 1999 unaoweka kanuni za maktaba hizo katika lugha ya Python, unamtaka atangaze 0, 1, 2 au 3. Sifuri maana yake nyuzi za programu, yaani mikondo ya kazi inayokwenda kwa wakati mmoja, zisitumie kwa pamoja hata maktaba yenyewe. Moja inaruhusu maktaba, si muunganisho na hifadhidata. Mbili inaruhusu na muunganisho. Tatu inaongeza hata kishale kinachopitia majibu.

Mgeni wa kazi hii hudhani tatu ndiyo heshima na moja ni uvivu. Sivyo. Tuseme uzi mmoja unahamisha shilingi 50,000: umekwisha kuzitoa akaunti ya kwanza, haujaziingiza ya pili. Uzi mwingine, kwenye muunganisho uleule, unamaliza kazi yake ndogo na kuamuru ithibitishwe. Hifadhidata haina habari za nyuzi. Muamala, yaani kundi la amri zinazothibitishwa au kufutwa pamoja, ni wa muunganisho. Hifadhidata inathibitisha vyote, pamoja na ile nusu. Umeme ukikatika hapo, fedha zimetoka na hazikufika.

Je, kufuli lisingesaidia? Kufuli la kila amri hupanga foleni, kumbukumbu ya kompyuta ikabaki salama. Lakini amri zilizo foleni bado huchanganyika, ya huyu katikati ya mbili za yule. Mafahali wawili hawakai zizi moja, hata ukiwafundisha kupokezana mlangoni.

Ndiyo maana nawaheshimu mafundi wanaotangaza 1 bila kuona haya, kisha wakaweka akiba ya miunganisho: kila uzi huazima wake, hufanya kazi mpaka mwisho, huurudisha. Na kabla haujakabidhiwa mwingine, muamala wowote ulioachwa njiani hufutwa. Ustadi umejificha hapo, mahali ambapo hakuna anayepita kuusifu.

Kosa la nyuzi hupenya majaribio mengi, likazuka siku ya msongamano. Mtumiaji hana budi kutegemea neno la fundi. Basi wewe unayetunga maktaba leo, iandike ahadi yako mwanzoni mwa maelezo, na usitangaze 3 ikiwa unaweza kuilipa 1 tu. Ahadi ni deni.