Likirimba na sanduku la kufuli tatu

Likirimba ni mchango wa zamu: wanaofahamiana hutoa kiasi kilekile, na fungu lote humwendea mmoja wao hadi wote wapate. Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, unawafaa hasa mama wauza ndagala (dagaa), ambao mtaji wao huishia kwenye beseni na benki haiwajui. Dhamana ni kujuana tu, na si haba.

Mpangilio zaidi umo katika AVEC, vyama vya akiba na mikopo vya mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu; funguo hushikwa na wanachama watatu, sanduku na wa nne, hivyo halifunguki nje ya kikao. Hisa hupigwa mhuri kitabuni. Kinachostahili pongezi zaidi ni mfuko wa jamii, unaosaidia penye msiba au ugonjwa.

Lakini maafa yakiwakumba wote siku moja, sanduku halitoshi. Mto Mulongwe wa Uvira ulipofurika Aprili 2020 na kubomoa maelfu ya nyumba, wengi waliokosa makao walipokelewa na familia nyingine za mjini.