Bundi wa Itombwe alipatikanaje? Somo la mwinuko kwa watazama ndege wa Uvira

Mwezi Mei 1996, upande wa kusini-mashariki wa msitu wa Itombwe, bundi mmoja jike alinaswa kwenye wavu. Alikuwa mdogo, wa rangi ya kahawia yenye wekundu, na uso mwembamba wenye umbo la moyo. Watafiti walimpima, wakampiga picha, kisha wakamwachia. Wa kwanza wa aina yake kujulikana na wataalamu alikuwa amepatikana Muusi, kwenye milima ya Itombwe, mwezi Machi 1951. Miaka 45 ilipita bila mtaalamu yeyote kumshika mwingine.

Habari hii husimuliwa kama bahati nasibu. Mimi naiona kama kazi iliyopangwa, na kila anayetaka kutoka Uvira na kikundi chake kwenda kutazama ndege anaweza kujifunza mpangilio wake. Siri kubwa iko kwenye mwinuko: kujua ndege gani anaishi mita ngapi juu, kisha kukaa hapohapo.

Ramani isomwe kwa kupanda

Uvira imekaa kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mlima Mohi, kilele cha Itombwe, una mita 3,475. Tofauti ni mita 2,700 hivi, na ndani yake zimo nchi kadhaa za ndege zilizopangwa moja juu ya nyingine. Anayepanga safari yake kwa kilomita atachoka barabarani na kurudi na orodha fupi.

Nchi ya kwanza ni ufuko na mdomo wa mto Ruzizi. Hapa wapo furukombe, mnandi, mdiria na yangeyange. Machi na Aprili, masika yakiwa yamekolea kwetu na Ulaya ikitoka kwenye baridi, mbayuwayu na keremkerem wageni hupita wakirudi kaskazini. Kosa la kawaida hapa ni la mwanga. Ufuko wa Uvira unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linachomoza upande wa Burundi na kumpiga mtazamaji usoni. Ndege wa majini wanaonekana kama vivuli vyeusi. Alasiri jua likiwa nyuma yako, juu ya milima, rangi za manyoya zinajitokeza vizuri. Lakini usichelewe, maana milima hulificha jua mapema.

Nchi ya pili ni bonde la Ruzizi, kupitia Kiliba, Sange na Luvungi hadi Kamanyola. Ni tambarare ya joto yenye mashamba ya mpunga, mifereji na vichaka. Kwera, kweche na korongo wanaonekana bila taabu. Siku moja yatosha.

Nchi ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Ukisimama mjini Uvira unaona milima mikubwa ikikuinamia, ukadhani msitu uko palepale. Sivyo. Miteremko inayotazama ziwa sehemu kubwa ni majani na mashamba, na msitu wenyewe uko magharibi, ng'ambo ya mgongo wa milima na nyanda za juu za malisho. Kikundi kinachopanda asubuhi na kushuka jioni kitaona majani tu, kisha kitasema Itombwe haina kitu.

Ukanda wa dhahabu

Tuangalie sasa takwimu. Mwaka 1908 Rudolf Grauer, mtafiti wa Austria, alipata kwenye milima hii ndege mdogo wa kijani mwenye mdomo mpana na koo la samawati, urefu wake takriban sentimita 11. Walter Rothschild alimtangaza mwaka 1909 na kumpa jina la Grauer. Baadaye Wamarekani wawili, Sterling Rockefeller na Charles Murphy, walisafiri mahsusi kumtafuta, wakampata mwaka 1929. Ndege huyu anaishi kati ya mita 1,760 na 2,480 hivi. Chozi wa Rockefeller, aliyetangazwa na James Chapin mwaka 1932, anaishi juu ya mita 2,000. Bundi wa 1951 alipatikana kwenye mita 2,430, na yule wa 1996 kwenye mita 1,830.

Weka namba hizi pamoja. Mahali zinapokutana ni kati ya mita 2,000 na 2,400 hivi. Kambi moja iliyowekwa ndani ya msitu kwenye ukanda huo ina nafasi ya kukutana na wote watatu. Kambi tano zilizotawanywa kuanzia ziwani hadi kileleni, kila moja kwa usiku mmoja, zinaweza kuwakosa wote.

Kukaa, na mikono ya wenyeji

Aliyeijua hesabu hii kuliko wengine ni Alexandre Prigogine, mtaalamu wa madini aliyefanya kazi Kamituga, upande wa magharibi wa milima. Hakuwa mtu wa kupita. Kwa miaka mingi alitumia wenyeji waliokwenda msituni kumkusanyia ndege, na kila ndege aliandikiwa mahali na tarehe. Ndipo akaweza kuchapisha kitabu chake kikubwa cha ndege wa Itombwe, kilichoanza kutoka mwaka 1971. Faida ya kuandika ilionekana hata baadaye: kirukanjia aliyepatikana Malenge mwaka 1955 alikuja kutambuliwa kuwa aina mpya mwaka 1990, miaka 35 baada ya kukusanywa. Bila maandishi ya mahali na tarehe, asingekuwa na maana yoyote.

Bundi yule na kirukanjia huyu wote wana jina la Prigogine. Waliotembea usiku kwenye matope na mianzi hawakupewa ndege hata mmoja. Hilo linaniuma, kwa sababu utaalamu wa kujua ndege analala wapi ulikuwa wao.

Kazi ya 1996 ilibadilisha mambo mawili. La kwanza ni zana: badala ya bunduki, wavu mwembamba mweusi unaotandazwa kati ya miti, wenye mikunjo inayompokea ndege bila kumuumiza. Wavu wa aina hiyo hukaguliwa mara kwa mara na hufungwa mvua ikinyesha, maana ndege aliyelowa hufa haraka kwa baridi. La pili ni majina: ripoti ya bundi ilitoka mwaka 1997 ikiwa na majina ya Waafrika Agenonga na Ndera pamoja na ya wageni Butynski na Hart, na ile ya Itombwe yote mwaka 1999 iliongozwa na Ilambu Omari. Vita vya mwishoni mwa 1996 vilikatiza mengi, lakini kumbukumbu zilibaki.

Kikundi kifanye nini

Alasiri moja ziwani na siku moja bondeni zinatosha. Siku zote zinazobaki ziende kwenye ukanda wa mita 2,000 hadi 2,400, kambi isihamishwe. Kila ndege aandikwe na saa, mahali na mwinuko, hata yule wa kawaida. Usalama uwe sehemu ya mbinu: wenyeji wakisema njia si shwari, kikundi kibaki bondeni, na hakuna ndege anayestahili maisha ya mtu.

Ruhusa ianzie kijijini. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 bila wenye ardhi kusikilizwa vya kutosha, wakaikataa. Ilichukua mazungumzo marefu hadi mipaka ikathibitishwa mwaka 2016. Anayeingia bila kuzungumza na chifu na wazee anarudia kosa lililokwisha kulipiwa.

Uganda imeonyesha kwamba inawezekana. Msituni Bwindi, watu hutoka mbali kuja kumwona ndege yuleyule wa Grauer karibu na kinamasi cha Mubwindi, na wanamwona kwa sababu waongozaji wa pale wanajua kiota kiko wapi. Itombwe ina ndege wa aina zaidi ya 500. Kinachokosekana ni amani ya kudumu, na daftari lililo mikononi mwa vijana wa Uvira, Fizi na Mwenga, lenye majina yao kwenye jalada.