Sifa za Anayetangulia Mlimani

Kazi ya kuongoza wageni mlimani huanza kabla mlima haujaonekana. Kwa mwongozaji wa Mbeya huanzia sokoni Mwanjelwa, asubuhi, na huanzia kwenye viatu. Humwomba mgeni ainue mguu, akatazama soli. Akikuta imelika, humpeleka kwenye meza za mitumba wakatafute buti lenye meno. Kisha huuliza: nani ana pumu, nani anatumia dawa ya presha, nani hajanywa chai. Akishanunua ndizi na maji, safari ya Uyole na barabara ya Tukuyu inaweza kuanza.

Mkungu wa ndizi za Tukuyu, gunia la viazi vya Isongole, maparachichi ya Rungwe: vingi vinavyouzwa Mwanjelwa vimestawi kwenye udongo uliozaliwa na majivu ya volkano. Tunakula matunda ya moto ule kila siku bila kuufikiria. Mwongozaji yeye anaufikiria, na hapo ndipo ninapoona ufundi wake.

Volkano nyingine hazihitaji mtu wa kuzitambulisha. Ol Doinyo Lengai ilirusha majivu mwaka 2007 na 2008, na Nyiragongo iliingiza lava mjini Goma mwaka 2002. Huku kwetu moto umefunikwa na msitu na mashamba ya chai. Lakini tunaishi pale matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa, na ardhi inayovutwa huku na huku imefungua njia kwa Rungwe, Ngozi na Kyejo. Kyejo ilimwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, na masimulizi ya Wanyakyusa yakaihifadhi habari hiyo. Kwa umri wa mlima, huo ni usiku wa jana. Kumwonesha moto mtu anayeona kijani kitupu ni kazi ngumu, nayo hufanywa kwa miguu, macho na maneno machache.

Tazama anavyopanda Ngozi. Vijijini huwaamkia wazee kwa lugha zao, Kisafwa au Kinyakyusa, kwa sababu njia ina wenyewe. Msituni humweka mbele yule mwenye mwendo mdogo, wengine wote wafuate pumzi yake. Mwenda pole hajikwai. Penye ukuta wa udongo uliokatwa husimama na kuonesha tabaka za majivu, kisha humpa mgeni jiwe jepesi lenye vitundu. Gesi ilikuwa ndani yake lilipokuwa bado uji wa moto, likarushwa juu, likapoa na matundu yake. Mgeni akilipima mkononi hahitaji hotuba.

Juu ya ukingo, ziwa hufunguka chini: urefu wake yapata kilomita mbili na nusu, kina chake mita 74, na hakuna mto unaoonekana ukitoka. Shimo hilo lilibaki baada ya mlima kulipuka na kilele chake kuporomoka. Wenyeji wana simulizi za nguvu za maji yale, na wanajiolojia wana maelezo ya gesi inayopanda kutoka chini na ya joto ambalo Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania inalichunguza ili lizalishe umeme. Mwongozaji mzuri husimulia yote mawili kwa heshima. Hamdharau mzee aliyemrithisha simulizi, wala hamfichi mgeni yale yaliyopimwa.

Halafu anakataa. Mgeni anataka kushuka hadi majini, naye ameona mizizi iliyolowa na ukungu unaopanda. "Dada, leo tunaishia hapa." Hapigi kelele wala haombi radhi. Nalistahi sana neno hilo, maana linatoka kwa mtu ambaye mgeni akifurahi ndipo naye anapopata bahashishi.

Hatari nyingine haionekani kabisa. Kuzunguka Kyejo hewa ya ukaa hupenya kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni pasipo upepo na huweza kuua mnyama aliyeinamisha kichwa. Watu wa Goma huita mahali kama hapo mazuku. Anayejua hayo hachagui kishimo chenye kivuli kuwa mahali pa kupumzikia, hata kikionekana kizuri namna gani.

Ujuzi wa aina hii umewahi kuitajirisha dunia. Mwaka 2003 watafiti walisikia kutoka kwa wawindaji wa vijiji vya Rungwe habari za nyani aitwaye kipunji. Walimtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 sayansi ikamtangaza kuwa spishi mpya. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Waliokuwa wakipita msituni walikuwa na jina lake tayari.

Alasiri, kwenye Daraja la Mungu, Mto Kiwira unapita chini ya upinde wa mwamba uliotokana na lava. Hapo mwongozaji huwaachia wageni waunganishe wenyewe: jiwe la asubuhi, shimo la Ngozi, mwamba huu. Wakianza kuelezana wao kwa wao, amefanikiwa.

Mwanjelwa ina vijana wengi wenye miguu imara, lakini miguu peke yake haitoshi. Wafundishwe kusoma mwamba, kutambua mimea, kutoa huduma ya kwanza, kuwasikiliza wazee na kusema hapana. Na wakishajua, walipwe kwa ujuzi huo kama anavyolipwa fundi yeyote aliyeiva, si kwa uzito wa mizigo waliyobeba mgongoni.