Parthenon: Ukanda Uliofichwa Darini

Kumhusu Iktinos, msanifu wa Parthenon, hekalu la Athena mjini Athene, sitazunguka. Kuupandisha ukanda wa nakshi juu ya ukuta wa sela, yaani chumba cha ndani cha hekalu, nyuma ya nguzo na chini ya dari, ulikuwa uamuzi mbaya.

Tupime. Ukanda ulikuwa na urefu wa mita 160, kimo chake kama mita 1 tu, nao ulikaa karibu mita 12 kutoka sakafuni. Jua halikuufikia vizuri. Ulitegemea nuru iliyodunda kutoka kwenye marumaru za chini. Ukisimama nje, nguzo zilikukatia maandamano yaliyochongwa humo vipande vipande. Ukiingia ushorobani, ulivunja shingo kutafuta matumbo ya farasi. Na ni mahali hapo walipochagua nakshi isiyo na kina, sentimita 5 au 6 hivi, tena yenye wapanda farasi waliobanana, miguu ya farasi mmoja ikikatiza kifua cha mwingine.

Kilele chenyewe, vazi la Athena likikunjwa katikati ya miungu walioketi, kilikuwa juu ya mlango wa mashariki, pale ambapo macho ya mgeni tayari yalikuwa yamevutwa na sanamu ya Athena ya dhahabu na pembe za ndovu iliyokuwamo ndani. Msafiri Mgiriki Pausanias alifika katika karne ya 2 B.K., akaeleza pedimenti zote mbili, yaani pembetatu za sanamu chini ya paa, na sanamu hiyo. Ukanda hakuutaja kabisa.

Watetezi husema ulichongwa kwa ajili ya miungu. Basi kwa nini wachongaji walichimba zaidi sehemu ya juu kuliko ya chini? Miungu hawatazami kutoka chini. Mafundi walijua wamepewa mahali pabaya, wakahangaika kupaponya kwa patasi, rangi na hatamu za shaba.

Metopi 92 za nje, yaani vibao vya nakshi juu ya nguzo, zilikuwa sawa. Pedimenti hazina mjadala.

Sasa nendeni Olympia, hekalu la Zeus, lililokamilika kama miaka 10 kabla Parthenon haijaanza mwaka 447 K.K. Metopi zake 12 za Herakles nazo zilikuwa chini ya paa la baraza, lakini kila moja ina kimo cha mita 1.6, watu wawili watatu tu, miili imejitokeza. Atlas analeta matofaa, Herakles ameelemewa na mbingu, Athena anamsaidia kwa mkono mmoja. Hata mwenye macho mabovu anaelewa. Waliojenga hazina ya Siphnos kule Delphi, yapata 525 K.K., waliuweka ukanda wao nje, juani.

Makumbusho ya Acropolis, yaliyofunguliwa Athene mwaka 2009, yalijenga ukumbi wenye vipimo vya sela, kisha yakaushusha ukanda hadi karibu na usawa wa macho. Walimfuata Iktinos kwa urefu na upana. Kimo chake wakakikataa, na walifanya vyema.