Kuchagua Kambi Kabla ya Vita: Uhakiki wa Mchezo wa Heroes of Might and Magic III

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuuliza maswali mawili tunapoishika kazi ya sanaa: inasema nini, na inasemaje? Katika makala haya tunakusudia kuyaelekeza maswali hayo kwenye kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa sanaa, nayo ni mchezo wa kompyuta uitwao Heroes of Might and Magic III. Mchezo huu ulitengenezwa na New World Computing ya Marekani na kutolewa na kampuni ya 3DO mwaka 1999. 3DO ilifilisika mwaka 2003, lakini mchezo wenyewe ungali unachezwa. Wanafunzi wetu huucheza wawili wawili, wakipokezana kiti kimoja mbele ya kompyuta moja.

Kwa ufupi, kila mchezaji huchagua kambi moja kati ya 8 zilizokuwamo tangu mwanzo. Nyongeza ya mwaka huohuo wa 1999 ilileta ya 9. Kila kambi ina aina 7 za askari, kuanzia wanyonge wa bei rahisi hadi majitu na majoka. Kila wiki mpya inapoanza, askari wapya hupatikana mjini, na mwenye dhahabu huwaajiri.

Tukianza na fani, ubora wa mchezo huu umo katika kutolingana kwa kambi zake. Hapa Uganda tunao omweso, ambao humpa kila mchezaji kete 32. Kete zote ni sawa. Tofauti huletwa na jinsi kila mtu anavyozipanga upande wake kabla ya kuanza. Katika Heroes III mambo ni kinyume: wachezaji hawapewi mali ileile. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya vita ni uchaguzi wenyewe.

Wanafunzi wengi hukimbilia Castle, kambi ya malaika. Sababu yao ni moja tu: malaika ana nguvu. Ni kweli, na akipandishwa daraja huweza kufufua askari wenzake waliouawa. Lakini malaika mmoja hugharimu dhahabu 3,000 pamoja na kito kimoja cha thamani, na jengo lake huchukua muda kukamilika. Mchezaji anayemsubiri malaika katika ramani ndogo hufikiwa na adui akiwa bado anajenga.

Kambi ya Stronghold ni mfano mzuri wa upande wa pili. Jitu lake kubwa, behemothi, hugharimu dhahabu 1,500, yaani nusu ya bei ya malaika, na linaposhambulia hupunguza ulinzi wa adui kwa asilimia 40. Upungufu wa kambi hii ni uchawi: jumba lake la uchawi huishia ngazi ya 3 wakati kambi nyingine kadhaa hufika ngazi ya 5. Basi mwenye Stronghold sharti ashinde mapema. Vita vikirefuka, uchawi wa mwenzake utamwelemea.

Necropolis, mji wa wafu, huenda kinyume cha hapo. Shujaa wake akishinda pambano, sehemu ya maadui waliouawa huinuka kama mifupa na kujiunga na jeshi lake bila malipo. Kila siku inayopita humzidishia nguvu. Hapa ndipo tunapoona kasoro ya mchezo: katika ramani kubwa faida hii hupita kiasi, na si ajabu kuwasikia wachezaji wakikubaliana kutoitumia kambi hiyo. Kanuni inayohitaji kurekebishwa kwa mapatano ya wachezaji ni kanuni iliyompita mtunzi.

Funzo ni kwamba hakuna kambi bora kwa jumla. Kuna kambi inayoifaa ramani hii, dhidi ya mpinzani huyu, mikononi mwa mchezaji mwenye tabia hii.

Tukija kwenye maudhui, tuna jambo la kukiri. Muhula mmoja tuliuingiza mchezo huu katika somo la tafsiri, tukatafuta majina ya Kiswahili ya kambi zote. Tulipofika kwenye mashujaa wa Stronghold, bila kufikiri tuliandika ubaoni: “Washenzi.” Kijana aliyekuwa ameichagua kambi hiyo akauliza, “Mwalimu, kwa hiyo mshenzi ni mimi?” Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Kamusi ingetutetea, lakini historia ya neno isingetutetea. Mshenzi ni neno ambalo watu wa pwani walilitumia zamani kwa watu wa bara, kinyume cha mwungwana. Sisi ni watu wa bara, na tunafundisha lugha iliyotufikia kutoka pwani. Tulipaswa kuwa wa kwanza kulisikia uzito wake. Tulimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake. Wanafunzi wakapendekeza “Wababe,” nasi tukakubali. Hata hivyo, jina jipya haliondoi wazo lililomo ndani ya mchezo, kwamba wenye mabavu hawana elimu. Mhakiki hana budi kulisema hilo, hata kama mchezo anaupenda.

Kwa walimu wenzetu, mchezo huu una faida moja ya wazi. Mara nyingi tunafundisha hali ya masharti kwa sentensi kavu ambazo hakuna anayezijali. Waulize wachezaji wawili waliomaliza pambano kwa nini mmoja ameshindwa, nawe utasikia: “Ningalichagua Wababe, ningalimwahi kabla hajajenga.” Mwenzake atajibu: “Hata ungaliwachagua, ramani ilikuwa kubwa, ungalichelewa tu.” Hapo -ngali- ina kazi ya kweli, kwa sababu mambo yamekwisha kutokea na mwenye kushindwa anayajutia.

Tunahitimisha kwa kusema kwamba Heroes III ni mchezo wenye fani iliyokomaa na maudhui yanayohitaji jicho la makini. Unafundisha kupima kabla ya kuchagua. Nasi walimu umetufundisha kulipima neno kabla ya kuliandika ubaoni.