Matini Mtandaoni, Mjadala kwa Nani?

Katika kitabu chake Ethnography as Commentary (2008), Johannes Fabian anafafanua mazungumzo aliyoyafanya mwaka 1974 na mganga wa Lubumbashi, Kahenga Mukonkwa Michel. Matini ya Kiswahili na tafsiri yake viliwekwa kwenye intaneti. Hoja ya mwandishi ni nzito: matini ikiwapo, uandishi wa ethnografia hubadilika, kwani msomaji anaweza kuirejea.

Hata hivyo, ufafanuzi umeandikwa kwa Kiingereza. Msemaji wa Kingwana aliyeko Tunda, Maniema, angeelewa mengi ya maneno ya Kahenga, lakini mjadala juu yake umefungwa kwake.

Upungufu huo ndio kipimo cha matumizi yetu wanataaluma ya Facebook na WhatsApp. Tukitangaza humo makala zetu tu, tunawapata wasomaji wale wale. Tukiweka kifungu na kuuliza kwa Kiswahili maana ya neno, wa Tunda naye aweza kutusahihisha. Aidha, mazungumzo ya WhatsApp si hifadhi: majibu hayana budi kunakiliwa, kwa idhini ya wenyewe, na kuwekwa kando ya matini. Hapo ndipo hoja ya Fabian itakapotimia.